Figo Kumi na Nne

Dukani kwa Githaiga niliomba makaroni,
akanishushia pakiti ya tambi.
La, nikasema, zile za Kifaransa,
za ute wa yai na unga wa lozi,
tamu, zina tumbo la krimu.
Akaitazama mikono yangu, makovu ya cheche hadi kiwikoni.
"Fundi, umelala kweli?"

Sikuwa nimelala. Tangu Jumanne
Kerubo harudi na maneno kutoka zamu ya usiku.
Wadi yake ni ya mashine za kusafisha damu.
Jumanne mashine moja ilizimwa mapema,
ya mtoto wa miaka tisa,
naye akaja nyumbani, akaosha viatu mara mbili,
akalala akiutazama ukuta.

Mimi ni mtu wa mageti, Kariobangi.
Moto naujua kwa rangi zake,
lakini moto wa nyuzi mia na arobaini,
moto wa kubembeleza,
huo sikuonyeshwa na mtu.

Robo ya lozi ni rodi za siku mbili;
nikazidishia karanga.
Nikachekecha kwa chujio la chai
hadi majirani wakazima redio.
Ute nikaupiga kwa drili
(mchapo niliuchemsha kwanza, nisihukumiwe)
na Mama Atamba akagonga ukuta:
"Unatoboa nini usiku huu?"
"Yai!" nikajibu.
Povu likasimama. Nikapindua bakuli juu ya kichwa changu,
kama mapishi yanavyoamuru,
nikangoja hukumu.
Halikudondoka.

Mioyo niliichora kwa penseli nyuma ya karatasi,
kwa bikari ile ile ya maua ya mageti,
nikaijaza kwa pakiti ya maziwa iliyokatwa pembe.
Iache ikauke, walisema, isinate kidoleni.
Lakini ni Julai. Nairobi nzima ina kamasi,
hata soksi zina siku tatu kambani.
Subira ikanishinda. Nikaitia ovenini ingali mbichi.

Dakika ya saba mita ikalia mlio wa kifaranga,
kisha giza.
Tokeni ya shilingi hamsini, tarakimu ishirini,
kidole kimejaa sukari, nakosea, naanza tena,
na mle ndani mioyo inapoa bila kuiva.

Alipoingia saa mbili kasoro, koti bado mwilini,
nilikuwa nimesimama na sahani kama mshtakiwa.
Ncha zimelegea, zimejikunja ubavu mmoja,
wekundu wa bitiruti umegeuka hudhurungi.
"Nilitaka mioyo," nikasema.

Akainua moja dirishani
anavyoinua picha za eksirei.
Akaigeuza.
"Hizi ni figo."
Akacheka, Kerubo wangu, hadi akashika meza.
"Tazama, hata pale mshipa unapoingilia umepaweka!"
Akahesabu vifuniko: kumi na vinne, jozi saba.
"Jozi saba," akarudia polepole,
nikajua anagawa,
kitanda hiki, kitanda kile,
na kimoja ambacho kimeshatandikwa upya.

Sikusema kitu. Maji ya chai yalichemka yakamwagika.

Kisha akala. Makombo kwenye kola ya sare.
"Moyo unasifiwa bure," akasema, mdomo umejaa.
"Hakuna anayeapa kwa figo,
na ndizo zinazokesha."
Akala jozi ya pili, ya tatu.
Akalala na koti lake,
mara hii uso upande wangu.

Zilizobaki nikazifunika kwa sufuria.
Karakanani mteja wa Umoja anangoja geti, anataka maua.
Nikatandaza bati, nikashika bikari.
Ilikataa kufunguka.
Bawaba yake ina sukari.